Ukumbi ni wa nani? Maigizo ya wanafunzi kutoka Makerere hadi Mlimani

Vyama vya maigizo vya vyuo vikuu vitatu vya Afrika Mashariki vilizaa waandishi, vikagombana na wenye kumbi na kuwafikia watu wasiowahi kukata tiketi. Historia yao ni ugomvi wa muda mrefu kuhusu jukwaa, lugha na watazamaji.

Novemba 1962, majuma machache baada ya Uganda kupata uhuru tarehe 9 Oktoba, chama cha maigizo cha wanafunzi wa Makerere kilipanda jukwaa la Ukumbi wa Taifa wa Maonyesho mjini Kampala. Mchezo uliitwa The Black Hermit. Mtunzi wake alikuwa mwanafunzi kutoka Limuru, Kenya, ambaye siku hizo alijulikana kwa jina la James Ngugi. Baadaye dunia ilimjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o.

Mchezo huo unamhusu Remi, kijana wa kwanza wa kabila lake kufika chuo kikuu. Wazee wanamtaka arudi nyumbani awe kiongozi wao na amrithi mjane wa kaka yake. Yeye anakimbilia mjini. Anaporudi kijijini, anakuja na hasira dhidi ya ukabila na desturi, na mjane huyo, Thoni, anajiua. Waigizaji walikuwa wanafunzi wenye asili ya Afrika, Asia na Ulaya, na kazi hiyo huhesabiwa kuwa miongoni mwa tamthilia ndefu za kwanza za Kiingereza zilizoandikwa na Mwafrika wa Afrika Mashariki na kuonyeshwa hadharani.

Kuingia katika ukumbi ule halikuwa jambo jepesi. Ulifunguliwa mwaka 1959, na ratiba yake ilitawaliwa na vikundi vya Wazungu waliokuwa wakiishi Kampala. Mchezo mwingine mfupi wa mwandishi huyo huyo, The Wound in the Heart, ulishinda katika mashindano ya chuo lakini ukanyimwa nafasi hapo. Katika kumbukumbu zake za miaka ya Makerere, zilizochapishwa mwaka 2016, Ngũgĩ anaeleza kwamba kikwazo kilikuwa kisa chenyewe: ofisa Mwingereza anambaka mke wa Mkenya aliye kizuizini. Wenye ukumbi hawakutaka kuamini kwamba ofisa wa Kiingereza angeweza kufanya hivyo.

Miongo iliyofuata ilirudia tatizo hilo kwa sura mbalimbali. Wanafunzi wana mchezo, wana waigizaji, hata watazamaji wapo, lakini ukumbi ni wa mtu mwingine. Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, vyuo ambavyo kati ya 1963 na 1970 vilikuwa matawi ya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, vilishughulikia tatizo hilo kwa njia tatu tofauti.

MABWENI YASHINDANA

Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na shahada zake zikatolewa na London. Vijana walitoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Katika Idara ya Kiingereza walisoma Shakespeare na waandishi wengine wa Uingereza kama vile wangesoma wenzao wa Ulaya.

Maigizo yalipata nafasi kupitia mashindano ya kila mwaka ya Kiingereza baina ya mabweni. Kila bweni lilileta hotuba, mashairi na michezo mifupi. Shabaha ya walimu ilikuwa kunoa lugha. Matokeo yakazidi shabaha hiyo: kwa kuwa kila bweni lilihitaji mchezo mpya, ilibidi apatikane mtu wa kuuandika, na wanafunzi wakaanza kuandika wenyewe. Ngũgĩ, aliyeishi bweni la Northcote, aliandika michezo yake ya kwanza kwa ajili ya mashindano hayo.

Jarida la Penpoint, lililoanza mwaka 1958 katika idara hiyo hiyo, liliwapa waandishi hao mahali pa kuchapisha hadithi na mashairi. Jukwaa na jarida vililelewa na watu wale wale, na aliyeandika hadithi muhula huu aliweza kuonekana jukwaani muhula ujao.

Hata hivyo, mashindano yalikuwa na sharti moja lisilojadiliwa: lugha ilikuwa Kiingereza. Sharti hilo liliwaacha nje vijana waliokwisha kuonja uigizaji wa Kiswahili kabla ya kufika chuoni. Katika Shule ya Upili ya Alliance, huko Kikuyu nchini Kenya, Shakespeare aliigizwa mara kwa mara, lakini wanafunzi waliandika na kuigiza michezo ya Kiswahili pia. Nakupenda, Lakini... wa Henry Kuria ulionyeshwa hapo mwaka 1954 na kuchapishwa mwaka 1957. Graham Hyslop, Mwingereza aliyehimiza maigizo ya Kiswahili wakati huo, aliandika Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu. Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi wa Gerishon Ngugi ukachapishwa mwaka 1961.

Vijana waliotunga michezo ya Kiswahili wakiwa sekondari walifika chuo kikuu wakakuta jukwaa lisilo na nafasi ya Kiswahili.

Mwaka ule ule wa The Black Hermit, 1962, mwezi Juni, Makerere iliwapokea waandishi wa Afrika wanaotumia Kiingereza katika mkutano ambao sifa zake zingali zinatajwa. Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo na Ezekiel Mphahlele walihudhuria. Kijana Ngugi alialikwa akiwa na hadithi fupi chache tu mkononi. Shaaban Robert, mwandishi aliyekuwa na vitabu vingi vya Kiswahili vya mashairi na nathari, hakuwamo. Alifariki dunia mwezi huo huo.

BARABARANI, BILA KIINGILIO

Makerere ilijibu tatizo la ukumbi kwa kuukimbia. Mwaka 1965, chini ya David Cook wa Idara ya Kiingereza, wanafunzi walianzisha kikundi cha maigizo cha kusafiri ambacho watazamaji wake hawakutozwa kiingilio. Wakati wa likizo kikundi kilizunguka Uganda na kuvuka hadi Kenya, kikiigiza shuleni, katika kumbi za jamii na penye nafasi ya wazi.

Safari ilibadili namna ya kuigiza. Mchezo wa kusafiri hauwezi kutegemea mapazia, taa wala samani nzito, kwa hiyo ulichaguliwa mfupi na wenye matendo mengi. Sauti ilibidi ifike nyuma ya umati uliosimama. Mwigizaji mmoja alishika nafasi kadhaa kwa siku moja. Badiliko kubwa zaidi lilikuwa la lugha: kando ya Kiingereza, kikundi kiliigiza kwa Kiswahili, Kiganda na lugha nyingine za Uganda. Sharti la mashindano ya mabweni likavunjika mara tu wanafunzi walipokutana na watu wasiokuwa na haja ya Kiingereza.

Baadhi ya michezo ya kipindi hicho imehifadhiwa katika kitabu cha Short East African Plays in English, kilichohaririwa na David Cook na Miles Lee na kutoka mwaka 1968. Mmoja wao ni The Exodus wa Tom Omara, unaotokana na masimulizi ya Waluo kuhusu ndugu waliotengana kwa sababu ya mkuki uliopotea na ushanga uliomezwa na mtoto. Kisa hicho kilikuwa kikisimuliwa jioni majumbani tangu zamani. Wanafunzi walikirudisha kwa wenyewe kikiwa na waigizaji.

Katika mazingira hayo walikulia watu walioongoza maigizo ya Uganda baadaye. Rose Mbowa alikuja kuongoza mafunzo ya muziki, ngoma na maigizo hapo Makerere, na mwaka 1987 akatoa Mother Uganda and Her Children, kazi iliyounganisha ngoma na nyimbo za makabila mengi ya nchi hiyo. John Ruganda aliandika The Burdens, iliyochapishwa mwaka 1972, kuhusu familia ya waziri aliyeanguka kutoka madarakani.

Siasa ziliukata mkondo huo. Idi Amin alitwaa serikali tarehe 25 Januari 1971. Mwaka uliofuata Makamu Mkuu wa Makerere, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na hakuonekana tena, na walimu wengi wakaikimbia nchi. Nje ya chuo, Robert Serumaga na kikundi chake cha Abafumi walitegemea zaidi miili, ngoma na sauti kuliko maneno, katika nchi ambamo maneno yaliweza kumponza msemaji. Mwaka 1977 Byron Kawadwa, mkurugenzi wa Ukumbi wa Taifa, aliuawa. Ruganda alikuwa amekwisha kuhamia Nairobi.

NAIROBI: JIRANI ASIYEFUNGUA MLANGO

Ukumbi wa Taifa wa Kenya uko hatua chache kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi, ukitazamana na Hoteli ya Norfolk. Ulifunguliwa Novemba 1952, majuma machache baada ya serikali ya kikoloni kutangaza Hali ya Hatari. Kwa muda mrefu baada ya uhuru wa 1963, ratiba yake iliendelea kujaa michezo ya Ulaya iliyotayarishwa na wageni kwa ajili ya wageni. Mwanafunzi wa Nairobi aliuona ukumbi huo kila siku, lakini kuupata kwa ajili ya mchezo wake ilikuwa habari nyingine.

Badiliko lilianzia darasani. Mwezi Oktoba 1968 Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe na pawepo idara itakayoweka fasihi ya Afrika, ya maandishi na ya simulizi, katikati ya masomo. Mabishano yaliyofuata yalizaa Idara ya Fasihi. Fasihi simulizi ilipoingia katika mtaala, masimulizi ya wazee, nyimbo na ngoma vikawa mali halali ya jukwaa.

Katikati ya miaka ya 1970 idara hiyo ilianzisha kikundi chake cha kusafiri kisichotoza kiingilio, kwa mfano wa kile cha Makerere. Ruganda alikuwa mmoja wa waliokilea. Aliyeukimbia utawala wa Amin alikuja na mbegu ya 1965 na kuipanda Nairobi, na wanafunzi wakaanza kuzunguka miji na vijiji vya Kenya wakati wa likizo.

Mwaka 1976 ugomvi wa ukumbi ukawa wa wazi. Kenya ilikuwa ikijiandaa kwa tamasha kubwa la sanaa za watu weusi la Lagos, FESTAC, lililofanyika mwaka 1977, na michezo miwili ikachaguliwa: The Trial of Dedan Kimathi wa Ngũgĩ na Mĩcere Gĩthae Mũgo, wote wahadhiri wa Nairobi, na Betrayal in the City wa Francis Imbuga, aliyekuwa amesoma na kuigiza katika chuo hicho. Waandaaji waliomba michezo hiyo ionyeshwe Oktoba, mwezi wa kumbukumbu za mashujaa. Walipewa siku chache tu, zilizobanwa katikati ya maonyesho ya kigeni.

Watazamaji walijaa. Mchezo wa Kimathi ulipokwisha, waigizaji na watazamaji walitoka pamoja wakiimba na kucheza mpaka barabarani. Tamthilia hiyo ilitafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Mzalendo Kimathi. Ile ya Imbuga, iliyowekwa katika nchi ya kubuni ya Kafira, nayo ina mchezo ndani ya mchezo: wafungwa wanaandaa igizo la kumfurahisha kiongozi mgeni, na bunduki ya igizo inageuka kuwa bunduki ya kweli.

Mwaka 1976 swali halikuwa tena kama Waafrika wanaweza kuigiza. Lilikuwa kwa nini wasubiri zamu katika ukumbi wa taifa lao.

Jibu la Ngũgĩ lilikuwa kuondoka mjini. Huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika na wanakijiji Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Kikuyu ulioongozwa na Kĩmani Gecaũ, mhadhiri wa Nairobi. Wakulima na wafanyakazi walijenga ukumbi wa wazi kwa mikono yao, wakasahihisha maneno, wakapanga nyimbo na kucheza wenyewe. Ulianza kuonyeshwa Oktoba 1977. Novemba kibali kikafutwa, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ akakamatwa na kuwekwa kizuizini kwa mwaka mmoja bila kushtakiwa.

Mwaka 1982 kikundi cha Kamĩrĩĩthũ kilirudi na mchezo wa Maitũ Njugĩra. Ukumbi wa Taifa uliwafungia mlango, wakahamishia mazoezi katika ukumbi wa Chuo Kikuu. Mazoezi yakageuka maonyesho: watu walikuja kwa maelfu mpaka nako kukasimamishwa. Mwezi Machi ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ ulibomolewa. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti mwaka huo Chuo Kikuu kilifungwa kwa muda mrefu. Ngũgĩ, Mĩcere Mũgo na Gecaũ waliishia uhamishoni, na Alamin Mazrui, ambaye tamthilia yake ya Kiswahili Kilio cha Haki ilikuwa imetoka mwaka 1981, akawekwa kizuizini.

MLIMANI: KISWAHILI CHAPANDA JUKWAANI

Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 kikiwa na kitivo cha sheria na wanafunzi 14, katika jengo la chama cha TANU. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, na katika nusu ya pili ya muongo huo kikaanzisha Idara ya Sanaa za Maonyesho. Hapa ndipo kilipotofautiana na wenzake. Makerere na Nairobi, maigizo ya wanafunzi yalikulia chini ya idara za Kiingereza na za fasihi. Mlimani yalipata idara yao wenyewe.

Yalipata pia wakati wa joto la siasa. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Rais, Mwalimu Nyerere, akawarudisha nyumbani 393. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Msomi akaulizwa waziwazi anawafanyia nini wakulima wanaolipia masomo yake, na msanii hakusamehewa swali hilo. Lugha ya kulijibia ilikuwepo. Nyerere mwenyewe alimtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili: Julius Caezar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969.

Kizazi cha kwanza cha wanafunzi wa sanaa za maonyesho kilikuwa na Ebrahim Hussein kutoka Kilwa, Penina Muhando kutoka Morogoro, Godwin Kaduma na Amandina Lihamba. Hussein alianza na michezo mifupi kama Wakati Ukuta, kuhusu binti anayevutana na wazazi kwa sababu ya kwenda sinema. Mwaka 1969 ilichapishwa Kinjeketile, tamthilia yake ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907.

Tamthilia hiyo ina undugu na kazi ya jirani zake wa chuo. Mwaka 1968 wanafunzi wa Idara ya Historia, wakiongozwa na John Iliffe na Gilbert Gwassa, walikwenda vijijini kukusanya kumbukumbu za wazee kuhusu vita hivyo. Wanahistoria walitafuta yaliyotokea. Hussein alichagua jambo zito zaidi: mtu aliyewapa watu imani ya maji, akaona imani hiyo ikimzidi nguvu, na mwishoni akatakiwa aikane mbele ya Wajerumani.

Kiswahili kiliipa Mlimani kile ambacho Makerere na Nairobi walikitafuta barabarani. Tamthilia iliyoandikwa chuoni iliweza kuigizwa Tanga, Mwanza, Unguja au Mombasa bila kutafsiriwa. Ilipoingia katika orodha ya vitabu vya shule, kila darasa likawa kikundi cha maigizo. Muhando alifuata na Hatia mwaka 1972, kisha Tambueni Haki Zetu, Heshima Yangu na Pambo, akiingiza nyimbo, ngoma na usimulizi wa hadithi katikati ya mazungumzo. Lihamba aliandika Hawala ya Fedha kutokana na kazi ya Sembene Ousmane wa Senegal. Wasanii wa chuo waliunda kikundi cha Paukwa, kilichotoa Ayubu katika miaka ya 1980. Emmanuel Mbogo, mwanafunzi mwingine wa Mlimani, aliandika Ngoma ya Ng'wanamalundi.

Makerere iliipeleka tamthilia kwa basi la likizo. Dar es Salaam iliipeleka kwa kitabu cha shule.

KUWAPELEKEA WATU AU KUTUNGA NAO?

Mafanikio hayo yalizua hoja mpya, na safari hii hayakuwa mabishano na mwenye ukumbi. Yalikuwa ya wasanii wenyewe.

Upande mmoja ulisema kikundi cha kusafiri kilikuwa kimefanya nusu ya kazi tu. Wanafunzi waliandaa mchezo chuoni, wakauchukua mpaka kijijini, wakaucheza, wakaondoka. Mwanakijiji aliendelea kuwa mtazamaji. Penina Muhando, ambaye baadaye aliandika kwa jina la Penina Mlama, alisisitiza kwamba kijiji kina sanaa zake za maonyesho: jando na unyago, ngoma, hadithi, majigambo. Utafiti wake wa shahada ya uzamivu wa mwaka 1983 ulihusu jinsi sanaa za Wakaguru zilivyokuwa shule. Ngũgĩ alifikia hoja ya jirani kutokana na Kamĩrĩĩthũ: kusema tamthilia inapelekwa kwa watu ni kudhani kwamba watu hawana tamthilia.

Kutokana na hoja hiyo Mlimani ilianza kazi ya sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Mwaka 1982 na 1983 Mlama, Lihamba na Eberhard Chambulikazi walifanya kazi Malya, mkoani Mwanza, kisha wakaendelea katika vijiji vingine, kikiwemo Msoga mwaka 1985. Taratibu zilikuwa tofauti na za kundi la kusafiri. Wasanii walikaa na wanakijiji, wakasikiliza matatizo yao, wakayachambua pamoja, kisha wenyeji wakatunga mchezo kwa sanaa walizozizoea. Baada ya onyesho yalifuata mazungumzo, na mazungumzo yalitakiwa kuzaa uamuzi. Mwaka 1996 mbinu hizo ziliingia shule za sekondari kupitia mradi wa Tuseme, ambamo wasichana walitumia maigizo kueleza vikwazo vinavyokatisha masomo yao.

Upande wa pili ulikuwa na jibu lake. Mchezo wa warsha huisha siku warsha inapofungwa. Hauna mswada, hauwezi kusomwa wala kuigizwa upya na kizazi kijacho. Kinjeketile ingalipo kwa sababu iliandikwa na mtu mmoja, ikasahihishwa, ikachapwa. Tamthilia yenye ufundi, kwa hoja hii, nayo ni huduma kwa umma, na mwandishi hapaswi kuombewa radhi kwa kuwa mwandishi.

Kulikuwa na shaka nyingine, ya fedha. Uchumi wa miaka ya 1980 ulipobana bajeti za vyuo, kazi nyingi za vijijini zilitegemea wafadhili. Mfadhili huja na mada yake: afya, mazingira, UKIMWI. Mada hizo zina umuhimu, lakini kikundi kinachoigiza kile kilicholipiwa kimerudi katika tatizo la 1962 kwa mlango wa nyuma. Ukumbi sasa ni mti wa kijijini, na mwenye kuamua nini kionyeshwe chini yake bado ni mtu mwingine.

Dola nayo ilikuwa na sura mbili. Nchini Kenya ilijulikana kwa kufuta vibali. Tanzania ililea sanaa, na malezi hayo yalikuwa na gharama yake: vikundi vingi nchini vilizoea kuimba sifa za sera. Waandishi waliotoka Mlimani ndio walioonyesha kwamba inawezekana kuwa ndani ya ujenzi wa taifa na bado kuuliza maswali. Mashetani ya Hussein, iliyotoka mwaka 1971, inatilia shaka wasomi waliorithi nyumba za wakoloni. Nguzo Mama ya Muhando inawaweka wanawake kijijini wakishindwa kuisimamisha nguzo yao kwa sababu kila mmoja ana lake, na Lina Ubani inatazama ugumu wa maisha baada ya vita kati ya Tanzania na Uganda.

KILICHOBAKI

Kikundi cha wanafunzi kina maisha mafupi kwa asili yake. Kila mwaka waigizaji wazoefu wanahitimu na kila mwaka wanaingia wasiojua lolote. Kundi lisilo na kitu cha kurithisha hufa ndani ya miaka mitatu au minne. Vikundi vya Afrika Mashariki vilivyoacha alama vilirithisha kimojawapo kati ya mambo matatu: mswada uliochapishwa, idara iliyofundisha, au mtu aliyehama na ujuzi wake kama Ruganda alivyotoka Kampala kwenda Nairobi.

Leo kumbi za taifa za Kampala na Nairobi zinaonyesha kazi za wenyeji kama jambo la kawaida. Mwezi Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ilirudi jukwaani katika Ukumbi wa Taifa wa Kenya, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza, karibu miaka 45 tangu kibali chake kifutwe. Ngũgĩ alifariki dunia Mei 2025, na Mĩcere Mũgo alikuwa amemtangulia mwaka 2023. Waliokuwa wanafunzi wa miaka ya 1960 wanapungua kila mwaka, na pamoja nao zinapotea habari za michezo ambayo haikupata mchapishaji, yaani sehemu kubwa ya iliyoigizwa.

Hilo ndilo linalohitaji kushughulikiwa sasa. Maktaba za Makerere, Nairobi na Dar es Salaam zina nafasi ya kukusanya miswada iliyopigwa taipu, picha, ratiba za safari na kumbukumbu za sauti za walioigiza, kabla havijatupwa pamoja na makabati ya zamani. Michezo iliyoandikwa kwa Kiswahili na lugha nyingine za nyumbani ndiyo itangulie, kwa kuwa ndiyo iliyopata nafasi ndogo zaidi ya kuchapishwa.

Vyuo vyenyewe vina deni kwa wanafunzi wa leo. Historia hii imeonyesha kwamba maigizo ya wanafunzi yalikua kila yalipopata vitu vitatu: lugha ambayo watazamaji wanaielewa, muda wa mazoezi, na mahali pa kuigizia ambapo hapahitaji ruhusa ya anayeogopa mchezo. Lugha ipo. Muda na mahali vinaweza kutolewa na chuo bila kusubiri mfadhili: kumbi za mihadhara hukaa wazi jioni na wakati wote wa likizo. Wakuu wa vyuo wawape wanafunzi funguo.